Shirikisho la Nyota Halina Eldoret Yake

Kila Jeshi la Ulinzi la Kenya linapotangaza nafasi za makurutu, tangazo huja na kipimo kimoja kinachochekesha ukikitazama vizuri. Mvulana anatakiwa awe na uzito usiopungua kilo 54.55. Si 54, wala si 55. Hiyo nukta na vijisehemu vyake imetoka wapi? Imetoka kwenye ratili: kilo 54.55 ni takriban ratili 120 za Kiingereza. Bendera imebadilika, wimbo wa taifa umebadilika, mizani yenyewe imebadilika, lakini mwili unaotakiwa jeshini ungali unapimwa kwa ratili zilizovishwa nguo za kilo.

Nayataja haya kwa sababu ya miswada. Vijana wa hapa Eldoret wanaoandika hadithi za sayansi ya kubuni, na si wachache kama watu wanavyodhani, wamependezwa mno na ulimwengu wa aina moja. Mwaka ni 2700 hivi. Binadamu wameihama dunia, wametapakaa kwenye sayari mia kadhaa, na sayari hizo zimeungana kuwa shirikisho linaloongozwa na jeshi. Viumbe wa sayari nyingine wamo pia, wengine raia wa daraja la pili, wengine maadui wa kufyekwa. Kuna manowari za angani zenye urefu wa kutoka Huruma hadi Annex. Na kuna kapteni, ambaye kwa sababu nisiyoielewa huitwa Jack. Mwandishi amezaliwa Kapsoya, amesomea Kesses, matope ya Langas anayajua kwa viatu vyake, lakini akipaa angani tu anakutana na Jack.

Sina ugomvi na aina hiyo ya hadithi. Naipenda tangu utotoni. Ninachogombania ni kwamba vijana wetu wanaiazima kama kitu cha kigeni, ilhali ukitafuta miji inayolijua shirikisho la kijeshi kutoka ndani, kutoka jikoni kwake, Eldoret haiwezi kukosa. Makurutu wa nchi nzima hufunzwa hapa, Moi Barracks. Risasi hutengenezwa hapa, katika kiwanda kilichojengwa kwa mitambo ya Ubelgiji. Na waliokufa, kama tutakavyoona, wameombewa hapa. Hadithi za shirikisho la nyota zina chuo cha maafisa, zina chumba cha nahodha chenye taa za samawati, zina bunge la sayari. Hazina mji ambao mama mboga wake anajua kikosi gani kimeondoka wiki hii kwa kuangalia ni nani hajaja kuchukua sukuma.

Aliyeweka msingi wa hadithi hizi ni Mmarekani Robert Heinlein, mhitimu wa chuo cha jeshi la wanamaji mwaka 1929, katika riwaya yake Starship Troopers ya 1959. Katika Shirikisho lake, kura ni ya aliyemaliza utumishi peke yake. Hukutumikia, hupigi kura, ingawa hakuna anayekuzuia kufanya biashara ukatajirika. Humo mna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kugeuka: shujaa wake, Rico, ni Mfilipino, nasi tunadokezewa hilo karibu na mwisho, kwa lugha anayoongea nyumbani kwao. Kitabu kilipotoka, Wafilipino walioandikishwa katika jeshi la wanamaji la Marekani walikuwa wakiwekwa jikoni na mezani, kuwahudumia maafisa. Heinlein alilijua jeshi hilo. Akamtoa Mfilipino jikoni, akampa cheo cha afisa. Kwa hilo namvulia kofia. Ila tazama bei yake: ili mtu wa taifa lililotawaliwa apate cheo, ilibidi binadamu wote wawe kitu kimoja, na ili wawe kitu kimoja, ilibidi apatikane mdudu mkubwa wa kuchukiwa na wote. Ubaguzi ulihama tu, ukaenda kukaa sayari nyingine.

Waliomfuata walimkejeli au walimkuza. Paul Verhoeven, ambaye utoto wake ulikuwa Uholanzi chini ya majeshi ya Hitler, aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu ya kejeli mwaka 1997, na watazamaji wengi hawakung'amua kwamba wanaochekwa ni wao. Waingereza walioanzisha Warhammer 40,000 mwaka 1987 walibuni himaya ambamo kila sayari hutozwa ushuru wa vijana: vikosi vizima hupakiwa vyomboni, na wengi hawaoni kwao tena. Helldivers 2, gemu ya Waswidi iliyotoka 2024, imelifanya jambo hilo mzaha kabisa. Ukifa, mwenzako anashushwa kutoka angani achukue nafasi yako, na vita vinaendelea kama vile hukuwahi kuwapo.

Ushuru wa vijana. Hapo ndipo msomaji wa Uasin Gishu angepaswa kuacha kusoma kama mgeni.

King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya, iliundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Ukiiandika leo kama hadithi ya kubuni, mhariri atakwambia umezidisha chumvi. Maafisa wote ni wa jamii moja, watu wa kisiwa kilicho umbali wa majuma kadhaa kwa meli. Askari ni wa mataifa mengi yasiyojuana. Watawala wameyapanga mataifa hayo kwa sifa walizozitunga wenyewe: hawa wamezaliwa kupigana, hawa ni wa jembe, hawa ni wa kubeba mizigo. Wakamba na jamii za Wakalenjin wakatiwa kwenye kapu la wapiganaji. Hadi leo utasikia mtu akijigamba kwa sifa hiyo kwenye meza ya nyama choma, asijue kwamba ilikuwa ikipanda na kushuka kulingana na nani hakuwa na njia nyingine ya kupata pesa ya kodi.

Na lugha ya amri haikuwa ya wenye kuamuru. Hili nalipenda kuliko mengine yote, na katika riwaya za nyota nilizosoma sijakutana nalo. Luteni kijana aliyeshuka Mombasa kutoka Uingereza ilimlazimu ajifunze Kiswahili, Kiswahili cha kambini kilichonyolewa ngeli hadi kikabaki upara. Shirikisho la kubuni siku zote huongea lugha ya kapteni. Shirikisho lililopita hapa kwetu liliongea lugha ya pwani ambayo afisa hakuzaliwa nayo, na askari wa bara hakuzaliwa nayo pia, kila mmoja akiivunja kwa namna yake. Himaya ilipokwenda zake, lugha ilibaki, ikaota ngeli zake upya, nami sasa naandika kwayo.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua za masika, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Mtu aliyezaliwa Kapsabet akimlenga mtu aliyezaliwa Osaka, katika msitu wa Waburma, kwa niaba ya mfalme aliyeko London. Nionyeshe mwandishi wa anga aliyebuni umbali mkubwa kuliko huo. Jeshi lilikuwa hata na magazeti yake ya Kiswahili, Askari na Heshima, ili wasomaji wake wasichoke kujua kwa nini wako pale.

Cheo nacho kilikuwa na dari. Mweusi alipanda hadi mahali fulani, akagota. Katika miaka ya 1950 kukaongezwa ngazi ya effendi, iliyopimwa kwa makusudi iwe juu ya sajini na chini ya afisa kamili. Mmoja wa walioipata, mwaka 1959, alikuwa Idi Amin, aliyejiunga na Keya mwaka 1946 na baadaye kuletwa Kenya kupigana na Mau Mau. Uganda ilipokaribia uhuru, yeye akawa mmoja wa wawili wa kwanza kupewa uluteni, 1961. Jeshi lililokaa karibu miaka 60 bila kuwaandaa maafisa weusi lilijikuta linawahitaji kufumba na kufumbua, likawachukua waliokuwa karibu. Anayetaka kujua himaya ya nyota itakavyoanguka aache kwanza mizinga ya leza, afungue faili ya kupandishwa vyeo.

Wala si Amin peke yake. Tarehe 5 Juni 1963, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini Nairobi kwamba nchi zao zitakuwa shirikisho moja kabla mwaka haujaisha. Mwaka uliisha. Januari 1964 majeshi ya nchi zote tatu yakaasi katika juma moja: Tanganyika tarehe 20, Uganda tarehe 23, na Kenya tarehe 24, hapo Lanet, ambapo matatu za Nairobi kwenda Eldoret hupita kila siku. Askari walitaka mishahara, na walitaka kujua kwa nini bado wanapigiwa kelele na maafisa wa Kiingereza ilhali nchi ni yao. Serikali zote tatu ziliwaita Waingereza hao hao waje kuwanyang'anya silaha. Kisha kila mmoja akashika njia yake: Nyerere alivunja jeshi akajenga jingine, Obote aliwaongezea askari pesa, Kenyatta aliwapeleka mahakama ya kijeshi. Ndoto ya shirikisho ilikuwa inayumba tayari kwa sababu nyingine, ila baada ya juma hilo kila kiongozi alikuwa na jeshi lake la kulichunga usiku. Ningesoma riwaya ya kurasa mia sita kuhusu juma hilo, ikiwekwa kwenye sayari tatu.

Hadithi hizi pia hupenda tukio la kukutana kwa mara ya kwanza: binadamu anashuka, kiumbe wa sayari ngeni anasogea, mkono unanyoshwa. Sisi tunayo yetu, ila imehifadhiwa na upande wa kiumbe. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, alikwenda kuonana na Richard Meinertzhagen, afisa wa Keya, kwa mazungumzo ya amani. Alipigwa risasi pale pale, yeye na wengi aliofuatana nao. Wanandi walikuwa wamewapinga Waingereza na reli yao kwa mwongo mzima. Fimbo zake tatu zilivuka bahari, zikarudi 2006. Katika vikosi vilivyokuja kuwaadhibu Wanandi walikuwamo askari kutoka Nyasaland na wapiganaji wa Kimaasai. Yaani wale binadamu wenye kuongoza walikuwa wachache mno. Kazi yenyewe ilifanywa na viumbe wa sayari jirani. Mtoto wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa 1923 akazuiliwa kwa takriban miaka 40.

Nyanda zetu hizi nazo zikawa ramani tupu machoni pa wakubwa. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain alikuwa ameshapendekeza Wazayoni wapewe ardhi huku wafanye makao ya Wayahudi; tume ikaja, ikazunguka Uasin Gishu, na kongamano lao la Basel la 1905 likakataa. Mwandishi Lavie Tidhar amejiuliza katika riwaya yake Unholy Land ya 2018 ingekuwaje kama wangekubali. Kwa hiyo anayedai kwamba upande huu haujaingia katika riwaya za kisayansi amechelewa. Umeingia, na sisi wenyewe ndio hatukualikwa kuandika. Walikuja Makaburu badala yake, mwaka 1908, msafara wa Jansen van Rensburg na magari yake ya ng'ombe. Walikuwa wametoka vitani Afrika Kusini, wanatafuta sayari mpya. Mji ulikua kwenye shamba namba 64, na namba hiyo bado inasikika midomoni mwa watu: Sisibo.

Sasa njoo 1919. Vita vya kwanza vimekwisha. Makumi ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki wamekufa wakibeba mizigo ya jeshi, wengi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebaki na jina la kikosi chao. Serikali ikaamua kuwatuza waliopigana. Ikatoa ardhi. Wazungu waliotoka vitani wakagawiwa mashamba, na baadhi ya mashamba hayo, upande wa Kipkarren na Kaimosi, yalikatwa kutoka hifadhi ya Wanandi, jamii ambayo vijana wake walikuwa wamechukuliwa kwa vita vile vile. Heinlein alisema utumishi uzae uraia. Hapa utumishi wa mmoja ulizaa shamba, na utumishi wa mwingine ukamnyang'anya babake malisho. Sijui kama kuna mwandishi wa Marekani angethubutu kubuni sheria ya namna hiyo. Angeonekana hana adabu.

Aliyekaribia kidogo ni Joe Haldeman. Alipigana Vietnam, akajeruhiwa, na mwaka 1974 akatoa The Forever War, ambamo askari anasafiri kwa kasi inayokaribia ya nuru, hivyo miezi yake michache ni miongo mingi nyumbani. Akirudi, hakuna anayemjua, bei zimebadilika, adabu zimebadilika, kazi hakuna. Anarudi jeshini kwa sababu ndiko pekee anakojulikana. Waliorudi kutoka Burma hawakuhitaji kasi ya nuru kulielewa hilo. Walikuwa wameongoza magari, wameendesha simu za upepo, wameona Wahindi wakidai uhuru wao. Wakashuka kwenye gari moshi na kukuta kipande chao bado kinawangoja, cha kuvaliwa shingoni.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema hayo ni ya wakoloni, yalizikwa nao. Basi tuzungumze ya juzi.

Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Wengi wa waliokuwamo walikuwa wa kikosi cha 9 Kenya Rifles, wenyeji wa Moi Barracks. Walikuwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, ambacho kilikuwa shirikisho la kijeshi kama lilivyo kwenye vitabu: Uganda, Burundi, Ethiopia, Djibouti na Kenya, kila nchi na eneo lake, makao makuu Mogadishu, sehemu kubwa ya pesa kutoka Ulaya. Tarehe 27 ya mwezi huo huo ibada ya kitaifa ilifanyika hapa Eldoret. Rais Uhuru Kenyatta alikuja. Muhammadu Buhari wa Nigeria alikuja. Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alikuja. Hotuba zilitolewa, maua yaliwekwa, idadi haikutajwa. Mwezi uliofuata Rais huyo wa Somalia akasema katika mahojiano kwamba waliouawa walikaribia 200. Jeshi la Kenya likakanusha, lakini halikutoa idadi yake.

Kuna sababu ambazo jeshi lolote hutoa kwa kunyamaza: adui asijue alichofanikiwa, ari isishuke. Nazielewa. Lakini mji wa kambi hausubiri msemaji wa jeshi. Unahesabu kwa njia zake. Unahesabu kwa nyumba za kupanga zilizorudishiwa funguo kabla ya mwisho wa mwezi, kwa watoto waliohamishwa shule katikati ya muhula, kwa chama cha akina mama ambacho zamu yake ya kupokea imerukwa. Mwenye duka la jumla anahesabu kwenye daftari la mikopo, na halisemi kwa sauti. Kila mtu ana tarakimu yake, na tarakimu hizo hazijumlishwi mahali popote.

Katika hadithi za nyota, kompyuta ya chombo hukokotoa mruko wa miaka nuru arobaini kabla kapteni hajamaliza chai. Nawaomba vijana wetu watuandikie moja ambamo kompyuta hiyo hiyo imekatazwa kujumlisha majina. Nani alitoa amri hiyo? Fundi gani aliitia? Na ikiulizwa swali na mjane kupitia dirisha la ofisi ya ustawi, inajibu nini? Hilo mtu wa mbali hawezi kuliandika. Sisi tunaweza.

Nisije nikaonekana nimeona ubaya tu. Nimekaa mji huu wakati ambapo sare ya jeshi ndiyo kitu pekee ambacho watu wa pande mbili walikuwa tayari kukaribia. Tarehe 1 Januari 2008, hapo Kiambaa, watu walichomwa ndani ya kanisa walimokimbilia, wengi wao akina mama na watoto, kwa sababu ya kabila na kura. Aliyeona moshi ule hatashangaa kijana akibuni ulimwengu ambamo makabila yote yamevalishwa nguo moja, yanakula sufuria moja na kuamrishwa na sajini mmoja asiyejali jina la babako. Gwaride la kufuzu kwa makurutu ni kitu cha kuvutia kweli. Wazazi wanatoka Turkana, Kwale, Mandera na Kisii, wamekodi matatu, wamebeba mandazi, kila mmoja ananyoosha shingo amtafute wake katika safu ambazo zimefanywa makusudi zisitofautike. Wale wanaolicheka shirikisho la Heinlein kutoka Ulaya iliyotulia hawajui njaa ya kitu kama hicho. Na mshahara upo. Familia nyingi za huku zimejenga nyumba ya mabati kwa sababu ya kijana mmoja aliyeonekana meno yake ni kamili na mbio zake ni nzuri.

Ndiyo maana suala la nani anaongoza linauma zaidi sasa, kwa sababu siku hizi tunaongoza sisi. Novemba 2022 wanajeshi wa Kenya waliingia Goma, wakiwa wa kwanza kufika mjini humo katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, chini ya jenerali Mkenya. Shirikisho la kisiasa ambalo viongozi walitia saini 1963 halijazaliwa, bunge la Arusha lina meno ya maziwa, lakini jeshi la pamoja lilipatikana. Wakazi wa Goma waliandamana wakisema kikosi hicho kinawatazama tu waasi wa M23. Desemba 2023 kikaondoka, serikali ya Congo ikiwa imekataa kuongeza muda. Halafu Haiti, ambako tulipeleka polisi: kundi la kwanza lilitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi, wengine wakauawa kwa risasi, na jioni jeshi likaitwa liwasaidie polisi wa nyumbani. Mwandishi akiyapanga hayo mawili katika sura moja, ataambiwa amelazimisha. Kalenda ndiyo iliyolazimisha.

Hata angani tayari tumeingia kwa njia hiyo. Watu wengi hujua kwamba satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ilirushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, na Waitaliano kwa niaba ya Wamarekani. Wanaojua kwamba Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi ni wachache. Taifa-1, satelaiti iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California kwa roketi ya SpaceX, ilisifiwa kwa kilimo na hali ya hewa, na nina imani picha zake zinafaa kwa hayo. Ila shirika lenyewe linaongozwa na brigedia. Simlaumu brigedia, huenda ndiye aliyefaa. Nasema tu kwamba kijana anayeandika shirikisho la nyota linaloongozwa na jeshi anaweza kuanza na gazeti rasmi la serikali.

Tuna kitabu kimoja kilichoenda upande mwingine kabisa, na ni aibu kwamba wapenzi wa hadithi za anga hawakitaji. Katama Mkangi alichapisha Walenisi mwaka 1995. Alikuwa msomi wa jamii, na serikali ya Moi ilimtia kizuizini 1986 katika msako wa vuguvugu la siri la Mwakenya. Dzombo, mhusika wake, anahukumiwa kifo kwa kupakiwa katika chombo cha kumtupa mbali na dunia. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha, akafika Walenisi, kwenye watu walioondoa ubwana na utwana. Wasomi wengine wanalalamika kwamba kitabu kina mahubiri mengi, na kwa kweli mahali pengine nilikuwa nikifungua ukurasa kwa subira. Lakini ona mwanzo wake: anayekwenda angani si afisa. Ni mfungwa. Mkangi alijua kiini cha chombo cha dola akiwa upande wa ndani wa kufuli.

Kati ya mfungwa wa Mkangi na afisa wa Heinlein kuna watu wengi wa katikati ambao hawajaandikwa. Mpishi. Fundi wa risasi anayetoka zamu ya usiku. Mwanariadha aliyeajiriwa jeshini kwa miguu yake na hajawahi kulenga chochote. Mkalimani. Mimi ningeanza na karani wa malipo. Baada ya vita vya kwanza, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwao, kwa kuwa ilisemekana jamaa zao hawapatikani. Majina yalikuwa yameandikwa na watu wasioyajua, kijiji kimeandikwa mahali pa baba, baba mahali pa ukoo, na pesa zikabaki serikalini. Mweke karani huyo mwaka 2700, kwenye sayari ya kambi iliyo kijani na yenye baridi kama Kaptagat. Ana mkopo wa sacco, ana bosi anayetaka hesabu ifungwe kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na ana orodha ya majina elfu kadhaa ya viumbe waliobebea Shirikisho mizigo, yaliyoandikwa kwa hati ya binadamu aliyekuwa na haraka. Kazi yake ya kwanza itakuwa kumtafuta mtu anayejua majina hayo yanavyotamkwa.